Young Tom Morris: maswali yanayoulizwa kila mara kuhusu dogo aliyeondoka na mkanda wa Open

Young Tom Morris ni nani, kwa kifupi?

Ni mchezaji gofu, Mskoti wa mji wa St Andrews, kazaliwa tarehe 20 Aprili 1851, kafariki siku ya Krismasi 1875 akiwa na miaka 24 tu. Katika maisha mafupi hivyo kabeba ubingwa wa Open, yale mashindano makubwa ya gofu ya Uingereza, mara nne mfululizo, yaani 1868, 1869, 1870 na 1872. Mwaka 1871 mashindano hayakufanyika kabisa na sababu ni yeye mwenyewe, tutafika huko. Ukitaja gofu ya zamani watu wengi wanamkumbuka baba yake, yule mzee wa ndevu nyeupe, na ni haki yake, lakini ukiniuliza mimi, aliyefanya mchezaji wa kulipwa aonekane ni mtu mwenye thamani yake, na sio mtumishi wa matajiri anayejua kupiga mpira, ni huyu dogo.

Mbona kuna Tom Morris wawili, nachanganya.

Baba na mtoto. Baba ni Old Tom, kazaliwa 1821, mtoto ni Young Tom, nyumbani na mtaani walimwita Tommy na humu nitamwita hivyo hivyo. Wote wawili ni mabingwa wa Open mara nne nne: mzee kachukua 1861, 1862, 1864 na 1867, halafu 1868 dogo kamnyang'anya. Na mwaka huo aliyeshika nafasi ya pili ni nani? Baba mtu. Mtoto wa kwanza, baba wa pili, hiyo haijatokea tena kwenye Open.

Kingine ambacho wengi hawakijui ni kwamba Tommy hakuwa Tom wa kwanza kwenye familia ile. Kulikuwa na kaka yake aliyeitwa Tom pia, akafariki akiwa mdogo mwaka 1850, mwaka mmoja kabla ya Tommy kuzaliwa, na wazazi wakampa huyu aliyefuata jina lile lile.

Enzi hizo kuwa mchezaji wa kulipwa ilikuwa na maana gani? Walikuwa na wadhamini?

Wadhamini wapi ndugu yangu. Futa kabisa picha ya mtu anayeshuka kwenye ndege binafsi na nembo kifuani. Mchezaji wa kulipwa wa miaka ya 1850 alikuwa fundi na kibarua: anatengeneza mipira, anakarabati fimbo, anabeba fimbo za mabwana kama kedi, anatunza majani ya uwanja, na mabwana wakitaka kuwekeana dau basi anaitwa acheze. Hela ya dau ni ya mabwana. Akishinda wanamkatia kidogo, akishindwa anarudi kwenye benchi lake la kazi. Ndani ya jengo la klabu haingii kama mwanachama, yeye ni mfanyakazi, anasubiri nje aitwe.

Baba yake Tommy ndio mfano mzuri. Mtoto wa mfumaji wa nguo, kaingia uanagenzi kwa Allan Robertson, fundi mipira pale St Andrews ambaye wakati huo ndiye alihesabika kuwa mchezaji mkali kuliko wote. Mipira yenyewe ilikuwa ya ngozi iliyoshonwa na kujazwa manyoya ya bata bukini, unachemsha manyoya yanalainika, unayashindilia ndani ya ngozi yenye unyevu kupitia tundu dogo kwa chuma maalum unachokiegemea na kifua, unashona, halafu vikikauka manyoya yanatanuka na ngozi inabana, unapata mpira mgumu kweli. Kazi ya kuua mtu, na fundi mzuri kwa siku anatoa mipira michache tu inayohesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Ndio maana bei ilikuwa juu na gofu ilikuwa ya wenye nacho.

Sasa mwishoni mwa miaka ya 1840 ukaingia mpira wa gutta-percha, ule utomvu wa miti ya huko Malaya, unauchemsha kwenye maji, unaufinyanga kwa mkono, umemaliza. Rahisi, haupasuki ukilowana, na ukichubuka unauchemsha tena. Robertson akaona biashara yake inakufa, akapiga marufuku mafundi wake wasiuguse. Siku moja Tom akaishiwa mipira uwanjani akaazimwa wa gutta na bwana aliyekuwa anacheza naye, habari ikafika kwa bosi, wakagombana, Tom akaacha kazi. Mwaka 1851 akahamia Prestwick, pwani ya magharibi ya Uskoti, kwenda kutengeneza na kutunza uwanja mpya, na Tommy akabebwa kwenda huko akiwa mchanga wa miezi tu. Kwa hiyo dogo kakulia Prestwick, kwenye uwanja aliouchora baba yake, na ndio huko huko Open ilikozaliwa. Ule ugomvi wa mpira umezaa mambo mengi kuliko watu wanavyodhani.

Open yenyewe ilianzaje?

Robertson alifariki 1859, na swali likabaki nani sasa ndiye mkali. Klabu ya Prestwick ikaandaa mashindano tarehe 17 Oktoba 1860, wakaja wachezaji wanane tu, uwanja una mashimo 12, wanazunguka mara tatu siku hiyo hiyo, jumla mashimo 36. Willie Park wa Musselburgh akashinda kwa mikwaju 174, Old Tom akawa wa pili kwa 176 (kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi). Zawadi ilikuwa mkanda wa ngozi nyekundu wenye vipande vya fedha, kama wa bondia hivi, na hela hakuna. Hakuna kabisa! Unashinda unapewa mkanda ukae nao mwaka mmoja, na mwakani unaurudisha.

Ila waliweka sharti moja kwamba mtu akishinda mara tatu mfululizo mkanda unakuwa wake moja kwa moja. Nadhani walioandika hilo sharti waliona ni la kupamba tu, nani atashinda mara tatu mfululizo.

Tommy alianza kucheza lini? Alikuwa kedi kama wengine?

Hapana, na hii ndio tofauti kubwa kati yake na wenzake wote wa kizazi kile. Baba alikuwa na kazi ya kudumu na jina, akampeleka Ayr Academy, shule ya kulipia ada, akakaa darasani na watoto wa wafanyabiashara na wenye mali. Kwa hiyo Tommy hakukua akiwavulia kofia mabwana. Hakubeba fimbo za mtu ili apate kula, na ukisoma habari zake unaona alivyokuwa anajiamini mbele ya watu ambao baba yake alikuwa anawainamia.

Mwaka 1864, ana miaka 13 hajamaliza hata kukua, baba akamchukua kwenda kwenye mashindano Perth na wakubwa wakamtafutia mtoto mwenzake wacheze mechi ya pembeni. Umati ukaacha wakubwa ukamfuata yeye, akashinda kirahisi, akaondoka na pauni 15, hela ndefu kweli enzi zile. Mwaka 1867 akiwa na miaka 16 akashinda mashindano ya Carnoustie, wakawa wamefungana watatu wakarudia, akawapiga Willie Park na Bob Andrews, watu wazima wenye majina yao. Mwaka uliofuata ndio akachukua Open akiwa na miaka 17 na miezi mitano. Hadi leo hakuna aliyeshinda ubingwa mkubwa wa gofu akiwa mdogo kuliko huyo. Na mzee wake ndiye bingwa mkongwe kuliko wote wa Open, miaka 46 aliposhinda 1867. Rekodi mbili, nyumba moja, zimefuatana mwaka na mwaka.

Ni kweli ndiye wa kwanza kupiga shimo kwa mkwaju mmoja?

Wa kwanza kuandikwa kwenye Open, ndiyo. Ni 1869, Prestwick, shimo la nane, yadi 166. Mtu kapiga mara moja mpira umeingia. Kumbuka hapo fimbo ni ya mti, mpira wa utomvu wa kufinyangwa, na ardhi ya kuweka mpira imeinuliwa na mchanga kidogo wa kufinya kwa vidole kwa sababu vile vijiti vya kutegeshea mpira havikuwepo. Mwaka huo alishinda kwa tofauti ya mikwaju 11, kwa hiyo hata bila ule mkwaju angebeba tu.

Wanasema 1870 ndio ilikuwa balaa zaidi. Nini kilitokea?

Hapa naomba tukae kidogo, maana watu wanapita haraka.

Shimo la kwanza la Prestwick lilikuwa na urefu wa yadi 578, kama mita 530. Leo hii, na fimbo za kisasa na mipira ya maabara, shimo la urefu huo linapangiwa mikwaju mitano na watu wanaridhika nayo. Tommy kaanza raundi yake ya kwanza, kapiga mara tatu, mpira umo shimoni. Mara tatu! Gawanya mwenyewe uone, ni wastani wa zaidi ya yadi 190 kila mkwaju, na ule wa mwisho lazima uwe na urefu na shabaha kwa pamoja, tena kwa mpira ambao ukiupiga vibaya mkono unakufa ganzi. Wenzake hata hawajatoka kupasha misuli.

Akamaliza raundi ile ya mashimo 12 kwa mikwaju 47, halafu 51, halafu 51 tena, jumla 149. Waliomfuata, Davie Strath na Bob Kirk, walikuwa na 161. Tofauti ya mikwaju 12 ndani ya siku moja. Willie Park alishinda Open ya kwanza kwa 174 kwenye uwanja huo huo miaka kumi nyuma, linganisha. Wakati Open ilikuwa ya mashimo 36 hakuna mtu aliyewahi kuifikia 149. Ukienda Prestwick leo wameweka nguzo ya mawe pale shimo la kwanza lilipoanzia.

Na mkanda ukawa mali yake.

Kwa hiyo 1871 Open haikufanyika kwa sababu hakuna mkanda? Serious?

Ndiyo. Zawadi imekwenda nyumbani kwa kina Morris na Prestwick peke yao hawakuwa na mpango wa kununua nyingine, wakaanza vikao, si unajua vikao, mwaka ukapita. Mwisho wakaungana klabu tatu, Prestwick, Royal and Ancient ya St Andrews na ile ya waungwana wa Edinburgh, kila mmoja akatoa pauni 10, ikatengenezwa jagi ya fedha ambayo dunia nzima inaiita Claret Jug. Wakakubaliana pia mashindano yazunguke kwenye viwanja vyao vitatu, na mshindi hataondoka na kombe moja kwa moja hata ashinde mara ngapi. Walishajifunza.

Kwa hiyo ule mfumo wa Open kuhama uwanja kila mwaka, unaouona mpaka leo, umetokana na kijana mmoja kushinda sana.

Mwaka 1872 wakarudi Prestwick na nani kashinda? Tommy tena. Jagi ilikuwa haijawa tayari wakampa medali, ila jina la kwanza lililochongwa pale ni lake. Tangu hapo kuna wakali kibao wameshinda Open tatu mfululizo, Jamie Anderson, Bob Ferguson, Peter Thomson, lakini ya nne mfululizo hakuna.

Alikuwa anachezaje?

Kwa nguvu. Alikuwa na mabega mapana na alizungusha fimbo kwa kasi mpaka kofia yake ya Kiskoti inamtoka kichwani, na inasimuliwa kwamba aliweza kuvunja mpini kwa kuitikisatikisa tu fimbo kabla hata hajapiga. Ila nguvu peke yake haishindi. Alichobuni kweli ni matumizi ya ile fimbo ya chuma yenye kichwa kidogo, ambayo wenzake walikuwa wanaitumia kuchomolea mpira ukizama kwenye alama za magurudumu ya mikokoteni. Yeye akaanza kuitumia kukaribia grini, yale majani mafupi yanayozunguka shimo, mpira unapanda juu, unashuka, unatulia, wakati wengine wanaburuza chini chini wakiomba Mungu usipitilize. Na karibu na shimo hakuwa na mchezo.

Baba mtu hapo ndipo palipokuwa ugonjwa wake. Mzee alikuwa anakosa mikwaju mifupi mpaka ikawa utani wa nchi nzima, inasimuliwa kwamba mtu alituma barua kwenda Prestwick bila kuandika jina, ameandika tu kwa mkosaji wa mikwaju mifupi, na tarishi akaipeleka moja kwa moja kwa Old Tom. Mzee mwenyewe alikuwa anacheka.

Alitengeneza hela?

Kwenye Open, ndogo. Bingwa wa 1872 alipata pauni 8. Baba yake kule St Andrews alikoitwa kurudi katikati ya miaka ya 1860 kutunza uwanja alikuwa analipwa pauni 50 kwa mwaka, hiyo ikupe picha. Hela ilikuwa kwenye mechi za ana kwa ana na za wawili kwa wawili, dau linawekwa, umati unakuja. Tommy na rafiki yake Davie Strath walicheza mechi nyingi dhidi ya wengine na hata wao kwa wao, na watu walijaa. Hapo ndipo unaona mchezaji wa kulipwa ameanza kuitwa kwa jina lake, wanaomtaka wamtafute. Kwangu mimi hili ni kubwa kuliko ile mikanda.

Nini kilitokea North Berwick?

Novemba 1874 Tommy alimuoa Margaret Drinnen, mwanamke aliyemzidi umri, mtoto wa familia ya wachimba makaa ya mawe. Septemba 1875 Margaret akiwa na ujauzito wa kukaribia kujifungua, Tommy na baba yake wakasafiri kwenda North Berwick, ng'ambo ya ghuba ya Forth, kucheza na ndugu wawili, Willie Park na Mungo Park (huyu ni bingwa wa Open wa 1874, siyo yule Mungo Park wa mto Niger mliyemsoma shuleni). Mwaka huo wa 1874 Tommy alikuwa wa pili nyuma yake kwa mikwaju miwili, kwa hiyo ilikuwa mechi yenye moto.

Zikiwa zimebaki shimo mbili ikaingia telegramu kutoka St Andrews kwamba mke ana uchungu na hali sio nzuri, rudi haraka. Wakamaliza zile shimo, wakashinda. Kwa treni ingekuwa mzunguko mrefu hivyo mtu mmoja akatoa boti yake ya matanga wavuke nayo bahari. Alipofika nyumbani mke alikuwa amefariki, na mtoto naye.

Watu wanauliza sana kwa nini alimalizia zile shimo mbili. Mimi siwezi kumhukumu. Kujifungua ni jambo ambalo kila mtu anategemea liishe salama.

Kwa hiyo alikufa kwa kuvunjika moyo?

Ndivyo hadithi inavyopendwa kusimuliwa. Ukweli ni kwamba alikuwa hoi kwa majonzi, Open ya Septemba hiyo yeye na baba hawakucheza, na alikuwa akinywa. Lakini baadaye mwaka ule ule alikubali mechi ndefu dhidi ya mchezaji wa ridhaa, Arthur Molesworth, siku kadhaa mfululizo uwanjani St Andrews, kwenye baridi na theluji, tena anampa mwenzake nyongeza ya mikwaju, na akashinda. Wiki chache baadaye, asubuhi ya Krismasi, akakutwa amefariki kitandani nyumbani kwa baba yake. Chanzo ni kuvuja damu kwenye pafu. Mtu mwenye tatizo la pafu unamweka siku nzima kwenye theluji ya Desemba... mimi naona ile mechi ina lawama zaidi kuliko moyo. Old Tom mwenyewe alikuwa na jibu lake kwa wanaosema mtoto kafa kwa huzuni, kwamba ingekuwa huzuni inaua basi na yeye asingekuwepo. Na kweli, mzee aliwazika watoto wake wote na mke, akaishi mpaka Mei 1908, miaka 86, akafariki kwa kuanguka kwenye ngazi.

Alikuwa mkali kuliko Harry Vardon, au Tiger Woods?

Vardon, gwiji mwingine wa zamani, ana Open sita, hakuna aliyemfikia kwa idadi. Na ni haki kusema Tommy alishindana na watu wachache, Open alizoshinda hazikufika hata wachezaji ishirini. Ila wale wachache ndio walikuwa wakali wote waliokuwepo, na aliwaacha kwa mikwaju 11 na 12 kwenye mashimo 36. Umbali kati yake na namba mbili ndio kipimo changu, na kwa kipimo hicho simuoni wa kumzidi. Mwingine atakuja na kipimo chake, sawa.

Kuna uhusiano wowote na huku kwetu?

Wa moja kwa moja hakuna, Tommy hakutoka hata Uingereza. Ila lile jagi lililotengenezwa kwa sababu yake limeshikwa na watu waliopita Nairobi: Seve Ballesteros alishinda Kenya Open mwaka 1978, na mwaka uliofuata, 1979, akashinda Open hii hii. Jina lake limo kwenye jagi lile lile ambalo jina la kwanza ni Tommy.

Nikifika St Andrews naweza kuona nini?

Mkanda upo, wajukuu wa Old Tom waliukabidhi kwa Royal and Ancient mwaka 1908. Kaburi liko kwenye makaburi ya kanisa kuu lililobomoka, sanamu ya Tommy imechongwa ukutani akiwa na koti na kofia yake anajiandaa kupiga, gharama zilichangwa na vyama 60 vya gofu, na baba yuko hapo hapo pembeni. Duka la Old Tom liko kando ya grini ya shimo la 18. Kuhusu kucheza Old Course, ule uwanja mkongwe wa St Andrews, jiandae na foleni na bei, ila kama unataka tu kuukanyaga nenda Jumapili: kwa kawaida siku hiyo haichezwi gofu, mzee ndiye aliyekuwa mkali wa kuupumzisha uwanja, na watu wa mji wanatembea humo na mbwa na watoto bure.